Jinsi ya Kuvuka Matuta na Mashimo kwa Pikipiki ya Porini

Anayejifunza kuendesha pikipiki ya porini mara nyingi hudhani kwamba sehemu mbovu za njia huvukwa kwa nguvu za mikono. Akiliona tuta la kwanza hukaza vidole, hujibana kwenye kiti na kufunga mafuta. Pikipiki humrusha, naye huhitimisha kwamba njia ndiyo mbaya au kwamba shokapu zimekufa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya yale yatakayompata ndani ya matuta huwa imekwisha kuamuliwa mita ishirini kabla ya kuyafikia: amesimama vipi, yuko gia ya ngapi, macho yake yanatazama wapi, na mkono wake wa kulia unafanya nini. Pikipiki yenye uzito wa kilo 100 na ushee ikishaanza kurushwa huku na huku haimpi dereva nafasi ya kujipanga upya, kwa hiyo maelezo yafuatayo yanahusu maandalizi ya kuingia kuliko ushujaa wa kuwa ndani.

Namna ya kusimama

Dereva aliyeketi huwa ni mzigo uliofungwa juu ya pikipiki. Kila gurudumu la nyuma linaporuka, kiti humpiga kutoka chini, kiwiliwili husukumwa mbele, na uzito wote huangukia viganja. Dereva aliyesimama huiacha pikipiki ipande na kushuka chini yake huku kichwa na kifua chake vikisafiri karibu katika usawa mmoja. Shokapu za pikipiki nyingi kubwa za motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo zenye matuta, hutembea takriban milimita 300. Magoti, nyonga na vifundo vya miguu, vikiachwa vikunjike kwa uhuru, huongeza nafasi nyingine isiyopungua hiyo.

Kusimama huko si kusimama kama mlingoti. Magoti yanakunjwa kidogo, nyonga zinarudishwa nyuma, mgongo unainama bila kupinda kama upinde, na kichwa kinakaa juu ya usukani au nyuma yake kidogo. Aliyenyoosha magoti kabisa hana tena kitu cha kukunja tuta linapomjia, na aliyeyakunja kupita kiasi hutetemeka mapaja ndani ya dakika chache na kujikuta ameketi bila kukusudia, tena mahali pabaya kuliko pote.

Kuhusu mahali pa kuweka nyayo, wapo wanaosisitiza kwamba kikanyagio kikanyagwe kwa sehemu ya mbele ya wayo nyakati zote, kwa kuwa hivyo kifundo nacho hufanya kazi ya springi. Hoja hiyo ni sahihi kwa mwenye miguu iliyozoea. Kwa anayeanza, naona ni afadhali asogeze mguu mbele ili upinde wa wayo ukae juu ya kikanyagio, kwa sababu kishindo kikubwa kikimkuta amekanyagia mbele, kisigino hushuka ghafla na kifundo huumia. Kwa vyovyote vile, ncha za buti zisining'inie chini wala kutanuka nje: zikinasa kwenye jiwe au kwenye ukingo wa mfereji, mguu wote huvutwa nyuma. Mguu wa kulia pia usilalie breki, kwani kila mtikisiko utaibonyeza breki hiyo bila wewe kujua.

Magoti na sehemu ya ndani ya buti ndivyo vinavyoishika pikipiki. Hili ni jambo dogo kulisema na kubwa kulitenda, kwa sababu hofu huipeleka nguvu yote mikononi. Bana pikipiki kwa magoti, hasa unapoongeza mwendo na unapofunga breki, kisha ulegeze mikono kiasi kwamba ungeweza kuinua kidole kimoja kimoja bila kuyumba. Kipimo chake ni rahisi: kwenye eneo tambarare, ukiwa umesimama na unakwenda kwa mwendo wa wastani, legeza vidole vyote kwa sekunde moja. Ukihisi unaangukia mbele, uzito wako uko kwenye usukani. Ukihisi unaburutwa nyuma, umerudisha nyonga mno. Mwili uliokaa vizuri hausogei kokote.

Viwiko viinuliwe na kutanuliwa, na hili lina sababu mbili ambazo wengi hawaelezwi. Kwanza, usukani unaporushwa juu, kiwiko kilichoinuliwa hukunjika kuelekea nje na kuupokea, ilhali kiwiko kilichoshushwa karibu na mbavu hukwama na kukipeleka kishindo begani. Pili, mkono wa kulia ulioshika kishikio cha mafuta huku kiwiko kikiwa chini hugeuka kuwa hatari pale mwili unapotupwa nyuma: kifundo cha mkono hushuka, mafuta hufunguka yenyewe, pikipiki huchomoka mbele, mwili huzidi kubaki nyuma, na mafuta huzidi kufunguka. Kishike kishikio kutoka upande wa nje, kama mtu anayezungusha kitasa cha mviringo cha mlango, na mnyororo huo hautapata pa kuanzia.

Wanaokaza mikono huijua adhabu yake. Baada ya dakika kadhaa misuli ya kigasha hujaa damu na kuvimba ndani ya utando wake, vidole hupoteza hisia, na breki hugeuka kitu cha kubahatisha. Hapo hakuna mbinu itakayosaidia isipokuwa kusimama na kupumzika. Wengine huongeza tatizo kwa kubana pumzi tangu tuta la kwanza hadi la mwisho. Toa pumzi kwa sauti unapoingia, nayo itaendelea yenyewe.

Macho

Usilitazame tuta lililo chini ya gurudumu la mbele, kwa sababu hilo huwezi tena kulifanya chochote. Tazama matuta matatu au manne mbele, kisha upandishe macho hadi mwisho wa sehemu hiyo mara tu unapokuwa ndani. Ukiwa na nafasi, tembea kwa miguu kwanza. Mara nyingi utakuta kwamba katikati, ambako kila mtu hupita, pamechimbika zaidi, na kwamba kandokando kuna ukanda mwembamba wenye matuta mafupi yaliyochakaa. Ukanda huo unaweza kukurefushia safari kwa mita chache na bado ukawa wa haraka zaidi.

Mafuta, gia na breki

Hapa ndipo waliozoea wanapowaacha wanaoanza, na ndipo inapofaa kukaa kidogo. Unapoongeza mafuta, uzito wa pikipiki na wako husogea kuelekea gurudumu la nyuma, shokapu za mbele hunyooka, na usukani huwa mwepesi. Unapoyafunga ghafla, kinyume chake hutokea kwa kasi: uzito huja mbele, shokapu za mbele hubonyea, na gurudumu la mbele, badala ya kupanda tuta linalofuata, hulichoma. Shokapu ambazo zimekwisha kubonyea nusu hazina nafasi ya kutosha kupokea kishindo hicho, hivyo hukirudisha kwenye mikono yako, na gurudumu la nyuma, likiwa limepunguziwa uzito, hurushwa juu. Anguko la kupitia juu ya usukani kwa kawaida huanzia hapo. Mara mbili nilizowahi kutua kifudifudi zote zilitanguliwa na kifundo cha mkono wangu wa kulia kuogopa kabla yangu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuingia na mafuta yakiwa wazi kidogo na kuyaacha hivyo, bila kuyafungua na kuyafunga kwa kila tuta. Si lazima yawe mengi. Yanatakiwa kuwa ya kutosha kulifanya gurudumu la nyuma lisukume badala ya kuburuta, ili upande wa mbele ubaki mwepesi. Kama mwendo ulionao haukuruhusu kuingia na mafuta yakiwa wazi, mwendo huo ni mkubwa mno kwako kwa siku hiyo, na pa kuupunguza ni kabla ya matuta.

Kanuni ya pili ni kutumia gia moja juu ya ile ambayo masikio yako yangeichagua. Injini inayozunguka kwa kasi katika gia ya chini hujibu kila mtetemeko mdogo wa mkono, ikirusha pikipiki mbele na kuivuta nyuma. Katika gia ya juu mtetemeko huohuo hupita bila madhara, na ukilazimika kupunguza mafuta injini haikushiki kwa nguvu. Badilisha gia mapema, mahali penye utulivu. Mguu unaotafuta gia katikati ya matuta ni mguu usiobeba uzito wake.

Breki zinahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa matuta mabaya kuliko yote huzaliwa na breki zenyewe. Kabla ya kona, kila pikipiki inayofunga breki hubonyea mbele huku gurudumu la nyuma likirukaruka. Kila mruko huchimba shimo dogo, anayefuata hurukia palepale, na baada ya mizunguko mingi njia ya kuingilia kona huwa ni ngazi. Anayeshuka kwenye ngazi hiyo akiwa amefunga breki zote mbili huongeza tatizo lililoitengeneza. Fanya kazi kubwa ya breki mapema, mahali palipo tambarare, kwa breki ya mbele inayobanwa taratibu kwa kidole kimoja au viwili, huku nyonga zikirudi nyuma na magoti yakilibana tangi. Ukishaingia kwenye matuta yenyewe, legeza breki ya mbele hadi kiwango ambacho shokapu bado zinacheza, na utumie breki ya nyuma kwa kugusa tu. Gurudumu la nyuma lililojifunga haliviringiki juu ya tuta, bali hugonga na kuruka. Wapo wanaovuta klachi kidogo hapo ili injini isilizuie gurudumu la nyuma, na ni mazoea mazuri kwa pikipiki zenye injini nzito ya mipigo minne, ambazo huvuta nyuma sana mafuta yanapofungwa.

Upande wa pili wa kona kuna matuta mengine, yaliyochimbwa na magurudumu yanayozungushwa kwa nguvu ya kutokea. Haya ni mafupi na yamekaribiana. Inuka mapema kuliko unavyotamani, panda gia, na ufungue mafuta taratibu. Anayebaki ameketi hapo huona injini ikinguruma huku pikipiki ikichapa ardhi bila kusonga.

Mfululizo wa matuta yanayolingana

Matuta marefu yanayofuatana kwa umbali karibu sawa huvukwa kwa njia mbili tu zinazofaa. Ya kwanza ni ya polepole: kila tuta hupandwa na kushukwa. Gurudumu la mbele linapopanda, viwiko na magoti hukunjika yakiipokea pikipiki. Linaposhuka upande wa pili, miguu hunyooka na kuisukuma pikipiki chini ili tairi lisipoteze ardhi. Mwendo wa mwili ni kama wa mtu anayepiga pampu, na ukipatikana mdundo wake, hata matuta makubwa huvukwa bila fujo. Ya pili ni ya kasi, ambapo magurudumu hugusa vilele tu na kupita juu ya mabonde kabla hayajapata muda wa kushuka. Humo mwili husogea nyuma kiasi, mafuta hubaki wazi, na gurudumu la mbele huinuliwa kidogo kwa mafuta katika tuta la kwanza kabisa ili lianzie kwenye kilele na si kwenye uso wa tuta.

Kati ya njia hizo mbili kuna mwendo wa wastani, na huo ndio unaoangusha watu. Ni wa kasi mno kuviringika kwenye kila tuta, na ni wa pole mno kufika kwenye kilele kinachofuata, hivyo gurudumu la mbele hutumbukia bondeni na kugonga uso wa tuta la mbele. Anayeanza huwa na tabia ya kuuchagua mwendo huo akiuona ni wa busara. Chagua polepole iliyo polepole kweli, na uihamie ile ya kasi siku utakapoweza kuvuka matuta matano ya kwanza bila kugusa breki wala kufunga mafuta.

Ikitokea pikipiki imeanza kuyumbisha mkia, usipigane nayo kwa usukani. Bana magoti, acha mafuta yalipo au uyapunguze kidogo kidogo, na uendelee kutazama mwisho. Kuyumba kwa mkia peke yake si hatari kubwa. Hatari ni gurudumu la mbele kuanza kuzama chini zaidi katika kila bonde. Ukiona hivyo, shusha mwendo kwa utaratibu na urudi kwenye kuviringika.

Mashimo, mawe, mizizi na mchanga

Shimo lenye ukingo wa wima halina mteremko wa kuliongoza gurudumu, kwa hiyo ni lazima gurudumu lipunguziwe uzito. Kandamiza vikanyagio muda mfupi kabla ya ukingo ili shokapu zibonyee, kisha ongeza mafuta kidogo zinaponyooka: upande wa mbele utapita ukingo ukiwa mwepesi. Papo hapo kunja magoti, ili upande wa nyuma nao upande bila kukugonga.

Mizizi na magogo membamba yavuke yakiwa yamekingama kwa pembe ya mraba, hasa yakiwa na unyevu, na usiongeze mafuta wala kufunga breki wakati tairi liko juu yake. Kwenye mawe yaliyolegea, mwendo wa chini usiokatika ni bora kuliko kusimama na kuanza upya. Kidole kimoja kikae kwenye klachi, na uiache pikipiki ichague upande kwa sentimita chache bila kuisahihisha kila mara. Kwenye mchanga uliojaa mabonde, kila kilichosemwa kuhusu kutofunga mafuta kina uzito mara mbili, maana mchanga wenyewe tayari ni breki.

Shokapu na matairi

Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi wa 250cc akiwa na Yamaha iliyotumia shokapu moja ya nyuma, muundo uliotokana na kazi ya Mbelgiji Lucien Tilkens. Kuanzia miaka hiyo mwendo wa shokapu ulirefuka haraka, na mbinu ya kupita juu ya vilele ikawa jambo la kawaida. Lakini urefu huo hauna faida kama springi haikupangwa kwa uzito wa dereva.

Anza na mbonyeo, yaani kiasi ambacho nyuma ya pikipiki hushuka ikibeba uzito wako. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka kwenye ekseli hadi alama moja iliyo juu yake kwenye madigadi, kisha ishushe, uipande ukiwa na mavazi yako yote ya kuendeshea, na mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo kwa pikipiki kubwa ya motokrosi kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya milimita 95 na 105. Ikizidi, nyuma inakaa chini mno na mbele itatangatanga; ikipungua, nyuma inakaa juu na itakurusha. Hurekebishwa kwa kukaza au kulegeza pete ya springi, na pete ikifika mwisho bila kipimo kupatikana, springi yenyewe ndiyo isiyokufaa.

Skrubu ya kasi ya kurudi kwa shokapu ndiyo inayosikika zaidi kwenye matuta. Shokapu ikirudi haraka mno, nyuma hupiga teke baada ya kila tuta. Ikirudi taratibu mno, haijanyooka bado tuta la pili linapofika, hivyo hubonyea kuanzia pale ilipo. Kufikia tuta la tano imebaki na nafasi ndogo na pikipiki inahisi kama gogo. Dalili ni hiyo: tuta la kwanza laini, la mwisho gumu. Geuza skrubu hiyo mibofyo miwili tu kwa wakati mmoja, upite sehemu ileile, na uandike ulichofanya, kwa sababu baada ya mabadiliko matatu hakuna anayekumbuka alikoanzia.

Upepo wa matairi yenye tyubu katika motokrosi huwa kati ya psi 12 na 15. Penye mawe makali uongeze kidogo, maana tairi laini mno hubanwa kati ya jiwe na rimu na tyubu hutoboka. Mikono ya klachi na breki nayo iinamishwe mpaka kigasha na vidole viwe katika mstari mmoja ukiwa umesimama. Pikipiki nyingi hukabidhiwa zikiwa zimepangiwa aliyeketi.

Mazoezi

Chagua kipande cha mita 30 au 50, kisichokutisha, chenye pa kutokea pande zote mbili. Vaa kofia ngumu, miwani, buti ndefu, kinga za magoti na ya kifua hata kama ni mazoezi ya polepole, na usiwe peke yako. Pita mara tano katika gia moja isiyobadilika na bila kugusa breki, ukiangalia jambo moja tu, tuseme magoti. Mara tano zinazofuata angalia viwiko, kisha macho. Anayejaribu kurekebisha yote kwa pamoja harekebishi lolote. Mwendo usiongezwe hadi mapito matano yafanane, na mikono ikianza kujaa, zima injini hata kama ndipo umeanza kuona raha.

Kabla ya kuiegesha pikipiki baada ya siku ya namna hiyo, inua kila gurudumu, lizungushe polepole na ugonge spoku moja moja kwa spana ndogo. Zilizokaza hutoa mlio mwembamba. Iliyolegea hutoa sauti butu. Ikaze robo mzunguko, kagua na nati za ekseli, kisha rudia ukaguzi huo baada ya safari inayofuata, kwani spoku za gurudumu jipya huendelea kulegea kwa safari kadhaa za mwanzo.